Batoto njo pansio, pori njo jiko

*Katika Lubumbashi, familia nyingi zinazaa zikifikiri uzee, na karibu zote zinapika na makala. Nyuma ya mambo haya mawili kuna msitu wa miombo unaorudi nyuma mwaka kwa mwaka, na wazee ambao hakuna anayewahesabu. Tulifuata barabara ya Kasenga ili kuelewa.*

Saa kumi na moja ya asubui, barabara ya Kasenga ingali giza. Tunawasikia mbele ya kuwaona: minyororo ya makinga inalia, na pumuzi ya watu wanaosukuma. Kisha wanatokea katika taa ya motokari, mumoja mumoja, kila mutu na mifuko mitatu ao mine ya makala iliyofungwa na kamba. Kwenye mulima hawapandi tena kinga. Wanashuka, wanaegemeza kifua juu ya mufuko, na wanasukuma. Wengi walitoka porini jana, na walilala njiani.

Tulisimama na mumoja wao, kijana wa miaka 24. Alikubali kuzungumuza wakati wa kunywa mayi, si zaidi, kwani jua likipanda kazi inakuwa mara mbili. Tulimuuliza anatoka wapi. Alionyesha na mukono nyuma yake, mbali.

«Baba yangu alikuwa anachoma makala, miye pia ninachoma. Ila yeye alikuwa anatoka asubui, na mangaribi iko ku nyumba. Miye ninalala njiani. Pale baba alikuwa anakata, leo ni mashamba na malupango. Hakuna tena muti.»

Baba na mutoto, kazi moja, barabara moja. Tofauti ni urefu wa njia. Tangu siku ile tunafikiri kwamba hesabu ya kweli ya muji wetu inaweza kusomwa pale: ni usiku ngapi mutu analala njiani ili Lubumbashi ipike bukari.

Inchi changa, lakini wazee wako

Wasomaji wanajua kwamba inchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka wa 1984. Wakati ule walipata karibu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba tumepita milioni 100, na kwamba mwaka wa 2050 tutakuwa zaidi ya milioni 200. Karibu nusu ya watu wote hawajafika miaka 15. Wale wenye miaka 65 na kupita ni karibu 3 tu kwa watu 100. Katika Japani, wanakaribia 30 kwa 100.

Basi mutu anaweza kusema: habari ya uzee ni ya Wajapani na ya Wazungu, sisi shida yetu ni vijana. Sisi wenyewe tulianza uchunguzi huu na mawazo yale. Lakini 3 kwa 100, katika inchi ya watu milioni 100, ni wazee milioni tatu. Ni watu karibu sawa na wakaaji wote wa Lubumbashi. Na mutoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1984 atakuwa na miaka 66 mwaka wa 2050. Wale wote waliozaliwa nyuma yake, na ndio wengi zaidi, wanamufuata katika mustari. Uzee haututoroke. Unakuja tu polepole, nyuma ya watoto.

Wazee hawa wanaishi na nini? Sheria ya mwaka wa 2016 juu ya usalama wa jamii inasema mutumishi analipiwa mchango, na akizeeka anapata feza yake ya kila mwezi, ile watu wote wanaita pansio. Ila ili upate pansio inafaa kwanza uwe na kazi inayoandikwa. Mama anayeuzisha tomati katika soko, mulimaji, dereva wa taksi, mwenye kusukuma makala, hao hakuna anayewaandika. Na ndio sehemu kubwa ya wakaaji.

«Muulize mama»

Katika komini ya Katuba, tulipokelewa na muzee wa miaka 74. Alitumika miaka 27 katika kampuni moja ya hapa, na akatoka mwaka wa 1998. Alituomba tusitaje jina lake wala la kampuni, na tumemuheshimu. Alitupa viti, yeye akakaa juu ya kisanduku. Tulikataa, naye akatutazama sawa baba anavyotazama watoto wasio na akili. Tukakaa.

«Zamani, ukiwa na kazi, ulikuwa mutu», anasema. «Nyumba, unga, hospitali, masomo ya batoto, yote ilitoka ku kazi. Hatukuwe tunauliza uzee itakuwa je. Tuliona yote iko pale, tukafikiri itabakia.»

Haikubakia. Vijana waliozaliwa nyuma ya mambo haya inafaa waelezwe. Shaba ndiyo ilijenga Lubumbashi tangu mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi Union Minière, kisha Gécamines, ililisha nusu ya jimbo. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Kazi ikaanguka miaka iliyofuata, na kampuni nyingi ndogo zilizoishi na shaba zikaanguka pamoja nayo. Mwaka wa 2003, zaidi ya watumishi 10 000 wa Gécamines walitoka katika kazi kwa mupango wa «départ volontaire», uliosimamiwa na feza za Banki ya Dunia. Kizazi kizima kilijifunza somo moja: kampuni inaweza kukufwa, banki inaweza kukufwa, mutoto ndiye anabakia.

Muzee wetu anahesabu na vidole. «Nilizala batoto kenda. Bawili Mungu alibakamata. Bale saba njo pansio yangu. Mumoja akiwa na kazi, tunakula. Akikosa, tunaangaria mwengine.»

Katika wale saba, wawili tu wana feza ya kila mwezi, na mumoja wao iko Kolwezi. Anayewalisha kila siku ni binti wa ine. Tulimukuta mbele ya nyumba, mikono nyeusi mpaka kwenye kiwiko. Anauzisha makala. Ananunua mifuko kwa wale wa makinga, anaipasua, anapanga vifungu vidogo vidogo chini. Nyumba ya watu kumi na moja inasimama juu ya vifungu vile.

Basi tulirudi kukaa, na tukamuuliza muzee: kama angepata pansio ya kweli, angezaa watoto kenda?

Alicheka sana. «Muulize mama.»

Mama alikuwa anachagua kunde, nyuma yetu, bila kusema neno tangu tulipoingia. Hakuinua macho. «Miye ningesimama pa ine», alijibu. Kisha akaongeza, polepole: «Hakuna mutu aliniuliza ile wakati.»

Muzee hakucheka tena. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu.

Kura ya kuona na macho

Kwa nini makala? Mugeni anayefika hapa anashangaa, kwani umeme unapita juu ya vichwa vyetu. Bwawa la Mwadingusha lilijengwa mwaka wa 1930, juu ya mto Lufira, na ndilo lilizaa ziwa Tshangalele. Nyuma yake yakaja mengine. Tangu mwaka wa 1982, laini kubwa inatoka Inga na kuvuka inchi mpaka Kolwezi. Lakini kazi hizi zote zilifanywa kwanza kwa ajili ya shaba. Katika inchi nzima, ni karibu mutu mumoja tu kwa watano anayepata umeme nyumbani.

Na hata yule mwenye waya katika nyumba, tunajua namna gani anaishi. «Kura ni ya kuona na macho», mama mumoja wa Katuba alituambia. «Inakuya saa saba ya usiku. Sasa nilamushe batoto, niseme: mukuye mule?» Gazi inaomba feza nyingi kwa mara moja, kwa kununua chupa na jiko lake. Makala unanunua na ile feza unayo leo katika mukono, hata kama ni kidogo. Kunde inataka saa nyingi juu ya moto. Mbabula inangojea. Umeme haungoje.

Ndiyo maana muji ukiongeza watu, haukamate tu malupango. Unakamata pia pori, hata pale hakuna nyumba inayojengwa.

Ndani ya tanuru

Wachomaji walikubali kutuonyesha tanuru moja, mbali ya barabara. Miti inakatwa, inapangwa kwa urefu, inafunikwa na majani kisha na udongo, na moto unawekwa kwa upande moja. Siku nyingi inavuta moshi tu, na mutu analala pale kuchunga: udongo ukipasuka na pepo kuingia, yote inakuwa majivu. Kwa namna hii ya kienyeji, kilo 100 za miti zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala. Yenye kubakia inaenda mbinguni na moshi.

Msitu wetu si sawa ule wa Équateur. Ni miombo, miti iliyoachana, majani chini, na moto unapita kila kiangazi. Miti yake mikubwa, sawa vile mutondo na musamba, iko na nguvu moja ya ajabu: ukiikata, kisiki hakikufwe. Kinatoa machipuko, na mizizi pia inatoa. Ukiiacha miaka makumi mawili ao makumi matatu, pori linarudi.

Basi shoka peke yake haimalize miombo. Kinachoimaliza ni kukata bila kungoja. Mchomaji anapita, mulimaji anafuata na kungoa visiki kwa kupanda muhindi, kisha moto wa mwezi wa tisa ao wa kumi, wakati majani yamekauka kabisa, unachoma machipuko yote. Zamani watu walikuwa wachache, na pori lilipata miaka yake ya kupumuzika. Leo haliipate. Wachunguzi wa Université de Lubumbashi wanaotazama picha za satelite wameonyesha mara nyingi namna msitu unavyorudi nyuma kuzunguka muji, na mashamba na majani kukamata nafasi yake.

Kambo na vinkubala

Katika kijiji kimoja cha barabara ile ile tulimukuta kambo mumoja. Hajui miaka yake, lakini anakumbuka uhuru: alikuwa tayari msichana wa kubeba mayi. Tulimusalimia kwa kupiga magoti kidogo, naye akatuuliza kwanza kama tumekula.

Yeye hakuwa na kampuni. Pori ndilo lilikuwa kampuni yake. Mwanzo wa mvua alikuwa anaenda kuokota buyoga. Kisha masuku na mpundu, kila tunda na mwezi wake. Na zaidi ya yote vinkubala, vile vidudu vinavyokaushwa na kuuzishwa muji mzima, hata Kinshasa. Na vinkubala alilipia masomo ya watoto watatu.

«Vinkubala inakula majani ya mutondo na ya musamba», anatueleza. «Muti ukianguka, vinkubala itakula nini? Na miye nitauzisha nini?»

Hata buyoga ni vile. Wenye kuchunguza miombo, sawa vile mtaalamu wa miti François Malaisse aliyetumika hapa Katanga miaka mingi na kuandika kitabu kikubwa juu ya vyakula vya pori, wanafundisha kwamba aina nyingi za buyoga zinaishi zikishikamana na mizizi ya miti hii. Ukiondoa muti, unaondoa na buyoga chini yake. Kambo hakusoma kitabu kile. Anajua tu pale alikuwa anajaza kitunga kimoja kwa asubui moja, na pale leo hapati hata kitu cha kufunika mukono.

Mutoto wake wa mwisho anachoma makala. Ni yeye aliyetuonyesha tanuru. Tulimuuliza kambo kama hakumukataza. Alitutazama kwa huruma.

«Nimukataze namna gani? Njo yeye ananinunulia chumvi na dawa ya mugongo. Anakata pansio yangu kwa kunilipa pansio yangu.»

Tulirudi katika motokari bila kuzungumuza. Kwa upande moja wa barabara, muzee wa Katuba analishwa na binti anayeuzisha makala. Kwa upande mwengine, kambo analishwa na kijana anayekata pori lililomulisha miaka makumi sita. Ni mufuko moja wa makala, na wazee wawili ndani yake.

Kosa ni la nani?

Kuna mabwana wanaosema kutoka mbali: Waafrika wanazaa sana, ndiyo maana dunia inaharibika. Tukatae uongo ule. Mukongomani wa kawaida, tukihesabu petroli, gazi na makala ya mawe anayotumia, haachilie hata kilo 100 za moshi wa kaboni kwa mwaka. Mutu wa Marekani anapita tani 10. Na hapa kwetu, miti haikukatwa na maskini peke yake. Wote tuliona malori ya mukula, ule muti mwekundu, yakishuka kuelekea mipaka ili kwenda Uchina. Wote tunaona mashimo ya migodi.

Lakini tuseme pia ukweli wa upande wetu. Kuwa na haki mbele ya Wamarekani hakuoteshe muti hata moja katika barabara ya Kasenga. Watu wakiongezeka mara mbili na mbabula zikibakia zile zile, kijana wetu wa kinga atalala njiani usiku tatu, kisha ine. Siku moja hakutakuwa tena na kitu mwisho wa njia. Na siku ile, watakaoumia wa kwanza ni wale wasio na nguvu za kusukuma: wazee.

Yale yanayowezekana

Hatukurudi mikono mitupu. Tuliyoyasikia na tunayoyajua yanaonyesha njia, na si ya kuota ndoto.

Kwanza ni pori lenyewe. Tangu mwaka wa 2014, dekreti moja inaruhusu jamaa ya kijiji kuomba msitu wake kwa jina lake yenyewe, mpaka hektari 50 000. Kijiji chenye karatasi kinaweza kusema: huku tunakata mwaka huu, kule hatukate mpaka miaka makumi mawili ipite. Kinaweza kuchoma moto wa mapema, mwezi wa tano, wakati majani ni mabichi na moto ni dhaifu, ili ule mukali wa mwezi wa kumi usipate cha kula. Na kwa kazi hiyo wazee ndio walimu. Ni wao wanaojua majina ya miti na miezi ya vinkubala.

Pili ni kuotesha. Kule Mampu, kwenye tambarare ya Bateke karibu na Kinshasa, karibu hektari 8 000 za akasia zilioteshwa mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kisha zikagawiwa familia, hektari 25 kila moja. Wanakata, wanachoma makala, wanalima muhogo, na akasia inarudi. Kivu ya Kaskazini ina walimaji wanaootesha miti ya makala kando ya Virunga, na tangu mwaka wa 2015 kituo cha Matebe kinatoa umeme kwa mayi ya park ile. Haikumaliza shida, lakini ni mwanzo.

Tatu ni jambo ambalo watu wa mazingira hawalitaje, na wale wa pansio hawalitaje pia. Mupaka familia itajua kwamba uzee una njia nyingine, itazaa kwa kujilinda. Hakuna hotuba itakayoibadilisha. Msichana anayemaliza sekondari anazaa watoto wachache zaidi na anawazaa nyuma zaidi. Hii inaonekana katika kila uchunguzi uliofanywa hapa inchini. Masomo ya msingi ya bure, tangu mwaka wa 2019, ni mwanzo, ila masomo ya msingi si sekondari. Pansio kidogo kwa mama wa soko, hata kwa njia ya mutualité ya parokia ao ya soko lenyewe, ingekuwa pia kazi ya msitu. Mama wa Katuba alituambia yote kwa maneno matatu: ningesimama pa ine. Ilibakia tu mutu wa kumuuliza.

Tulirudi mujini saa kumi na mbili ya mangaribi. Karibu na Ruashi, tulimuona tena kijana wa asubui. Makala yote ilikuwa imeuzishwa isipokuwa mufuko moja, na alikuwa amekaa juu yake. Alitaka kurudi porini usiku ule ule. Alituuliza kama tutaununua, na akapunguza bei bila sisi kuomba, kwani alichoka.

Tukatazamana. Nyumbani kwetu pia hakukuwa na umeme tangu jana, na watoto wangoje kula.

Tuliununua.